Mama Gibson Aposa kwa Kirusi

Niseme ukweli mapema: ni mimi niliyemshtaki Eucabeth kwa mzee wa kanisa. Mashamba yetu ya chai yamepakana, hapa juu ya soko la Marani, na asubuhi tatu mfululizo nilimsikia akichuma majani huku akinguruma, "Zdra! Zdra! Zdrast!" Sisi Waadventista hatuna mambo ya kunena kwa lugha. Nikajua jirani yangu ametekwa na makanisa ya mahema.

Mzee Anyona alikuja na Biblia yake, mimi nyuma na uso wa huruma. Tulimkuta Eucabeth mezani, ameinamia daftari la hesabu lenye miraba, akichora vikulabu vilivyoshikana mstari mzima.

"Mama Gibson," mzee alianza kwa upole, "tumekuja kukuombea."

"Niombeeni herufi hii," alisema bila kuinua kichwa. "Inanitesa tangu Jumatatu."

Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Mambo yalikuwa hivi. Gibson, mwanawe wa pekee, anasomea uhandisi kule Kazan, Urusi, na amempata msichana, Vera. Mamake Vera, Galina, hakutaka kusikia. Binti yake hataolewa na watu asiowajua. Gibson alijitolea kutafsiri kwa simu, Eucabeth akakataa katakata. Kwetu kijana hajiombei mke. Anaombewa na watu wa nyumba yao, na babake Gibson tulishamzika.

"Akitafsiri, si atakuwa anajiombea mwenyewe?" alituuliza. "Nitasema mimi, na nitaandika kwa mkono wangu."

Ana miaka sitini na miwili na aliachia shule darasa la saba. Mwalimu wake alikuwa video za simu. Kwa miezi mitano alijaza madaftari manne, kila herufi mistari kumi, na sauti ngumu, kama ile zdrast ya salamu yao, akazipeleka shambani kwa sababu nyumbani ziliwatisha kuku. Hilo la kuku ninaliamini kabisa.

Jumapili ya simu ilipofika, Mzee Anyona aliketi kando yake kwa suti, maana posa haiendi bila mzee, ingawa hakuelewa hata neno. Eucabeth aliionyesha barua yake ya posa kwenye kamera, kisha akaisoma. Alikwama mara mbili. Mara ya pili alifumba macho, akalianza neno upya, likapita. Nilimpenda sana wakati ule.

Galina hakutabasamu. Aliashiria barua isogezwe karibu, akaikagua mstari kwa mstari. Kisha akazungumza, maneno mengi, mazito, na Gibson pembeni yake alikuwa ameinamisha kichwa, hana ruhusa ya mamake ya kututafsiria lolote. Mwishowe yule mama akafuta macho.

"Da," alisema.

Hilo Eucabeth alikuwa ametufundisha sote: ndiyo. Aliruka kitini akapiga kigelegele, nami nikampokea, na mzee akapiga makofi hadi miwani ikamdondoka. Galina alishtuka, akashika kifua. Vera akamnong'oneza kitu. Mama wa watu akakohoa, akafungua mdomo naye ajaribu kigelegele. Kikatoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Eucabeth alivuta kiti karibu na simu, Kirusi chote kikiwa kimemwishia.

"Polepole, mama," alisema. "Ulimi juu. Haya, tena."