Picha ya Baba Bila Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ya picha pale mtaa wa Jericho, Nairobi, nilikatazwa kusema "nzuri". Mkuu wa Picha, mama mpole wa sauti lakini mkali wa jicho, alibana picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kichwa chini miguu juu. "Jicho lako limetua wapi kwanza?" akaniuliza. Ukiipindua, alinieleza, unaacha kuona mtu, unaanza kuona mpangilio: wapi pamelemea, wapi pako tupu. Maisha yangu yote nilikuwa nikitazama picha bila kuziona.

Kila Alhamisi mchana tulikosoana. Sheria ilikuwa moja, chungu kama shubiri: mwenye picha hufunga mdomo mpaka wengine wamalize. Mimi mropokaji nilipata taabu kweli. Baada ya miaka mitatu nilipelekwa tawi la Industrial Area kupiga picha za mitambo, kisha nikarudishwa Jericho. Ndipo likaja onyesho katika ukumbi wa mtaa, picha moja kwa kila mpiga picha.

Yangu nilishaijua. Baba yangu, Musyoki Ndeto, alikuwa mchonga vinyago. Twiga wake waliuzwa mjini miaka nenda miaka rudi, na hakuna mnunuzi aliyemjua hata kwa jina. Jambo hilo lilinikera mimi kuliko lilivyomkera yeye. Nikaapa kwamba Nairobi itauona uso wake. Nikamvisha koti la kanisani, nikamwambia aendelee kushika patasi lakini aniangalie mimi.

Alhamisi ile hawakunihurumia.

"Buda, macho yangu imeenda kwa koti," alisema Otieno, msafishaji wetu wa filamu. "Nani huchonga na koti?"

Nikauma ulimi. Mkuu wa Picha akachukua kadi zake mbili, zilizokatwa kama pembe za fremu, za kujaribia kupunguza picha kabla ya kuitia makasi. Akazisogeza polepole. Uso wa baba ukatoweka. Ikabaki mikono miwili, patasi, na shingo ya twiga iliyotoka nusu kwenye gogo. Hata vumbi la mti kwenye kucha lilionekana. Nilikuwa na hasira hadi machozi, na papo hapo sikuweza kuondoa macho. Mikono ile ilinilea, nami sikuwahi kuiangalia.

"Kukata ni juu yako," Mkuu wa Picha akasema. "Picha ni yako."

Sikuweza. Kumwondoa baba uso kulikuwa kumrudisha kule kule kwa wasiojulikana. Nikabeba picha na kadi hadi nyumbani, nikamwonyesha ikiwa nzima, kisha bila uso. Aliikagua muda mrefu, akiigeuzageuza kama gogo jipya.

"Hapa juu nimekaa tu," akasema. "Kazi iko huku chini."

"Lakini Baba, watu watakujuaje?"

"Mimi hutupa mti mzuri kila siku ndio twiga atoke. Kata, mwanangu. Halafu uandike majina yangu hapo chini, yote mawili."

Nikakata.

Sasa nimestaafu, naishi Njiru, na vijana huniletea picha kwenye simu niwakosoe. Wanaoona haya huwaambia mficha uchi hazai. Wengine huniuliza kama nilijutia makasi yale, nami huwasimulia siku ya onyesho. Ukumbini walikuwapo wazee wengi, baba akiwa mmoja wao, wote na makoti yao ya Jumapili. Mama mmoja nisiyemjua alisimama mbele ya picha ya baba, akasoma jina, akakaa hapo kitambo. Kisha akageuka, akapita kwa wale wazee mmoja mmoja, bila kumtazama yeyote usoni. Alikuwa akiangalia mikono. Alipofika kwa baba akasimama.

"Mzee, ni wewe," akasema, akaipokea mikono ile kwa mikono yake miwili.