Treni ya Léonard na Mulango wa Salon

Mu nyumba zote nilizopita kusalimia mu Lubumbashi, ile ya Léonard Kalaba, kule Hewa Bora, njo ninairudilia sana mu mawazo. Léonard alikuwa anatumika ku gare, fasi treni zinasimama. Yeye njo mwenye kugeuza reli ili treni ifuate njia yake. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, basi ku kazi balimwita Kalaba. Mu quartier, mutaani kwetu, tulibaki na jina la Léonard.

Mugreki mumoja, mwenye magazini, njo duka, alipofunga na kurudi kwao, alimwachia treni ya batoto: locomotive moja ya umeme, mabehewa mbili, na reli ya kuzunguka tu, kama mbwa anatafuta mukia wake. Kuzunguka, Léonard hakutaka. Alitaka treni iende fasi fulani. Itoke Lubumbashi chini, ipande Likasi katikati, ifike Kambove juu: etaje tatu, moja juu ya ingine, mu salon, kwa sababu fasi ingine haikuwa. Reli zilizokosekana atazitengeneza na vile vyuma vyembamba vya kufungia makasha. Akachora yote ku mur, ku ukuta wa salon, na makala.

Bibi yake, Constance, akasimama na ufagio, akaangalia ile michoro.

— Papa Mado, na matanga?

Mado njo binti yao mukubwa.

— Matanga gani, Mama Mado? Hakuna mwenye amekufa.

— Bado. Baba iko mugonjwa. Akikufa, kilio itakuwa hapa, mimi njo mutoto wake wa kwanza. Utaikalisha bantu chini ya Likasi?

Kwetu, kilio ikianguka, nyumba inatoka yote inje: viti, kabati, kitanda, hata radio. Bantu banaikala chini ku mikeka. Nyumba yenye kubaki na vitu vyake, ni kama inasema marehemu hakuwa na uzito.

— Kintu yenye haiwezi kutoka ku ule mulango, haiingie, Constance akasema, akaendelea kufagia.

Léonard hakubishana. Alifuta ile mistari yote na kitambaa chenye maji, akaanza upya. Sasa hakuna musumari hata moja ku mur. Kila etaje na miguu yake, zinashikana na visi, skrubu za kufungua na vidole. Upana wa mulango aliupima na kamba, akaitia kamba mu mufuko, na kila ubao aliupima nayo kabla ya kuukata.

Mupando njo ulimusumbua. Locomotive ilikuwa inapanda kidogo, magurudumu inateleza, inarudi chini. Akapunguza ule mulima, njia ikawa murefu kupita mur. Akafikiri sana, kisha akaizungusha mu kona, duru juu ya duru, kama nyoka amejikunja.

Faustin, ndugu mudogo wa Constance, alikuwa anakuja kuangalia tu na kucheka; Léonard, shemeji yake, alimwita bwifi.

— Bwifi, treni za kweli zinachelewa. Yako inarudi nyuma.

— Ikala, Faustin. Itapanda.

Na siku moja, misa ilipoisha, ilipanda.

Wakati ule baba yao, muzee Alphonse, alikuwa ameletwa kutoka Kambove ili atunzwe. Alikuwa amechimba shaba kule miaka yake yote. Akaikala mu salon, akaangalia juu.

— Kambove iko wapi?

— Ile ya juu, baba.

— Kambove gani hii? Haina vumbi.

Kesho yake Léonard akamwaga udongo mwekundu ku etaje ya juu. Muzee akaangalia, hakuuliza tena Kambove iko wapi. Ilikuwa imetosha.

Mvua ilipoanza, muzee akakufa, asubuhi, kabla ya chai. Banaume bakakuja kutoa vitu inje. Kambove ikatoka, Likasi ikatoka, Lubumbashi ikatoka. Ile nyoka ya mu kona ikakataa kupita ku mulango. Léonard alipima mbao moja moja; yenyewe nzima, akiisha kuiunga palepale mu salon, hakuipima. Bakaiinamisha, bakailaza. Hapana. Nyuma yao bamama balikuwa banangoja na mikeka.

— Tuifunike na kitambaa, tuiache mu kona, mumoja akasema.

Constance alikuwa inje na bandugu yake, bila viatu, kitenge amekifunga ku kiuno. Aliangalia bwana yake tu.

— Nipeni musumeno, Léonard akasema.

Akakata katikati, ubao pamoja na reli.

— Faustin, shika huko.

Faustin hakucheka. Bakatoa nusu, bakarudilia ingine. Constance akaingia, akaikala chini mu ile kona.

Matanga ilipoisha, vitanda vikarudi, treni ikabaki inje chini ya turubai. Léonard akalainisha ule mukato na tupa, akatia vilevile visi vya vidole, akaunganisha reli. Kisha akamwendea bibi yake.

— Mama Mado, niingize?

— Ingiza. Kisha utoe yote, nione.

Akaingiza, akaunga, treni ikafika juu. Akafungua, akaanza kutoa. Constance alisimama ku mulango na ufagio, hakusogea, kila kintu ikapita kando yake. Faustin akapita na kinga, baiskeli yake, akashuka.

— Bwifi, unahama?

— Njo vile nabakia, Léonard akajibu, nusu ya nyoka ku bega.

Ya mwisho ikatoka. Constance akafagia udongo mwekundu ulioanguka ku kizingiti, akaukusanya mu sahani.

— Sasa weka, akasema. Na hii ya baba, rudisha juu.