Karafuu Isiyokuwemo

Niliisifu bia mbele ya watu kumi na wanane, nikazitaja ladha zake moja baada ya nyingine, na sikuwa nimeionja hata ladha moja.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa na mafua. Ulimi wangu ulikuwa umekufa, na mle chumbani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na habari za msiba huo.

Jina langu ni Korbinian. Nina umri wa miaka sabini na sita, na kwa miaka arobaini na mitatu nimekuwa fundi mkuu wa bia katika kiwanda kidogo cha ukoo wetu, huku Bavaria. Nililelewa na walimu wa fimbo na baba aliyeamini kwamba mtu mwongo hapaswi kukabidhiwa ufunguo wa ghala. Nayatanguliza haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeyatenda nitakayoyasimulia.

Bia yetu ya ngano ya msimu wa baridi hupikwa mwishoni mwa Septemba na kulazwa baridini wiki nane. Ni nzito, ni ya kahawia, na ni kali kuliko ya kiangazi.

Huonjwa Jumamosi inayotangulia Majilio, majuma manne kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, pamoja na soseji nyeupe, ambazo kwetu haziliwi kengele za adhuhuri zikishalia.

Hakuna anayeruhusiwa kutoa neno juu ya bia hiyo kabla ya fundi mkuu. Mimi hunywa kwanza. Husema rangi, harufu, ladha ya mdomoni na kinachobaki kooni. Ndipo wengine hunywa, hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na maneno yangu huandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni.

Nikiimimina glasi yangu kwenye mfereji wa sakafuni, bia yote humwagwa. Tangi zima. Hakuna rufaa.

Nimefanya hivyo mara mbili maishani.

Mara ya kwanza ilikuwa bia yangu mwenyewe.

Mara ya pili ilikuwa bia ya mwanangu Quirin, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ilikuwa bia yake ya kwanza. Nilinusa, nikaonja, nikasema, "Ina moshi," nikaimimina. Januari iliyofuata alihamia Nuremberg akawa dereva wa tramu. Hajapika bia tena.

Kisa hicho nilikuwa nikiwasimulia wageni kwa fahari. Nilikuwa nikisema, hata damu yangu siipendelei.

Binti yake, Veronika, ambaye sote tunamwita Vroni, ndiye aliyerudi. Alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, baba yake akiwa hataki. Nilimfundisha miaka saba. Mwaka jana alipata cheti cha ufundi mkuu, akawa wa pili katika darasa lake.

Nilimuuliza wa kwanza alikuwa nani.

Nikamkabidhi bia ya msimu wa baridi, aipike peke yake. Ikikubaliwa, funguo za kiwanda ni zake. Ikikataliwa, nilijua ataondoka kama baba yake, na kiwanda kitafungwa siku nitakayofungwa sanda.

Tarehe kumi na tisa Septemba mke wangu, Zenta, alifariki. Alikuwa akimenya viazi.

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka hamsini na mmoja.

Sikulia. Watu wakasema nina moyo wa chuma. Chuma kinajulikana kipo kwa sababu ukikigonga kinalia. Kwangu hakikulia kitu.

Wiki ya pili niligundua kwamba kahawa haina ladha. Nikaongeza kahawa. Haina. Kabichi iliyochachushwa ikawa karatasi iliyolowa. Nilitafuna mzizi wa figili kali, machozi yakatoka, lakini hayakuwa machozi yangu; yalikuwa ya figili.

Daktari alinimulika puani, akasema hakuna ugonjwa. "Ngoja," akasema.

Nikangoja. Sikumwambia mtu mwingine. Fundi wa bia asiye na ulimi ni mzee wa kawaida tu, na sikuwa tayari kuwa mzee wa kawaida.

Siku ikafika.

Afra, mwenye duka la mikate jirani, aliingia na kikapu cha mikate yake ya kusokotwa. Ana miaka sabini na hajawahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Korbinian, umekonda. Unakula, au unaitazama tu sahani?"

"Ninakula."

"Basi nguo zako hazijapata habari."

"Mwache fundi mkuu," akasema Wendelin, rafiki yangu tangu ujana, daktari wa mifugo mstaafu. "Leo anautunza ulimi. Hata salamu yangu ameijibu kwa nyusi."

"Wewe ulizoea kutibu ng'ombe. Nao walikujibu kwa nyusi?"

"Walinijibu kwa mateke, mama. Huyu ana nafuu."

Watu wakacheka. Vroni akaniletea glasi.

Uso wake ulikuwa mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilidhani ni ujasiri.

Nikainua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Rangi niliiona: kahawia, na ndani yake wekundu, kama kiatu cha zamani kilichopigwa dawa vizuri. Povu lilikuwa limesimama.

Nikanusa. Hewa.

Nikanywa. Kitu baridi, kizito kidogo, chenye kuchoma kwa mapovu. Nikakizungusha mdomoni, nikangoja. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Watu kumi na wanane wananitazama. Vroni ananitazama.

Nilikuwa na njia mbili za haki. Kusema, "Sionji," au kumpa mwingine glasi. Nikachukua ya tatu.

Maneno nilikuwa nayo. Ya miaka arobaini na mitatu.

"Rangi ni kahawia yenye wekundu ndani," nikasema. "Povu limesimama. Puani ninapata ndizi iliyoiva, na nyuma yake karafuu, nyingi, safi. Mdomoni ni ganda la mkate mweusi na plamu kavu. Kooni inaacha joto, na karafuu tena. Ni bia njema."

Nikaketi.

Wakanywa.

Wendelin alinusa, akanywa, akanusa tena. Akanitazama kwa muda. Kisha akagonga meza.

"Karafuu," akasema.

"Karafuu kweli," akasema mwingine.

"Safi kabisa."

Meza zikagongwa. Afra hakugonga. Alikuwa akiichuna ngozi ya soseji kana kwamba imemkosea.

Vroni alikwenda kwenye ubao. Akaandika rangi. Akaandika povu. Akaandika ndizi. Halafu mkono ukasimama.

"Babu, siwezi kuandika karafuu."

"Andika nilivyosema."

"Haimo."

Katika kiwanda chetu neno hilo halijawahi kusemwa baada ya fundi mkuu kuketi.

"Vroni," nikasema, "watu wote hawa wameipata."

"Haiwezekani wakaipata. Mimi ndiye niliyeipika." Alizungumza polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Nilipika Jumanne baada ya mazishi ya Bibi. Uji wa kimea ulipofika nyuzi arobaini na tano nilipaswa kuupumzisha kwenye joto hilo. Ladha ya karafuu huzaliwa pale, bila karafuu yenyewe, umenifundisha wewe. Sikuupumzisha. Nilikuwa nimesimama pale na kipimajoto mkononi, ninaona, ninajua, na sikujali. Nikaupandisha joto moja kwa moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliyepika hasemi kabla yako. Si ndiyo desturi?" Akaiweka chaki chini. "Nilijua utaimwaga. Wiki nane nimengoja uimwage. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile akasirike, Babu. Ukasimama ukaisifu."

Nikamgeukia Wendelin.

"Wewe umeipata, au hukuipata?"

"Umeshasema imo. Nani aseme haimo?"

"Nimekuuliza wewe."

Wendelin akajikuna shingo. "Haimo, Korbinian. Hata ya kutibia jino."

"Basi kwa nini umegonga meza?"

"Bwana wee, nimegonga meza miaka thelathini na mitano. Kuna mwaka ulisema ina asali, nikaitafuta asali ile mpaka Pasaka."

Wachache walicheka. Afra akaweka kisu chini.

"Mwambie na ya Quirin," akamwambia Wendelin.

"Afra, acha hayo."

"Usipomwambia, namwambia mimi."

"Nimesema acha, mama."

Afra akanigeukia. "Bia ya mwanao haikuwa na moshi. Moshi ulikuwa kwenye koti lako. Asubuhi ile bomba la tanuri langu liliziba, nikakuita, ukaja kulizibua. Ulitoka pale ukaja moja kwa moja hapa, unanuka kama paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Sote tulikunusa. Glasi zilikuwa mikononi mwetu, tukaonja kabla ya kumwaga. Ilikuwa bia nzuri."

"Na mkanyamaza."

"Tukanyamaza. Ulikuwa umeshasema."

"Zenta alijua?"

Afra akaisogeza sahani yake.

"Zenta ndiye aliyelifua lile koti."

Nilingoja maneno hayo yaniume. Niliketi wima, nikangoja, kama nilivyoingojea ile bia mdomoni. Hayakuuma. Niliyaona tu yamewekwa mbele yangu mezani, pamoja na haradali na sahani.

Nikasimama.

"Mimi sikuonja kitu leo," nikawaambia. "Tangu Septemba sionji. Niliyoyasema yalikuwa ya miaka mingine."

Hakuna aliyetikisika. Ninaamini wangefurahi zaidi kama ningeendelea kuwadanganya.

Nikafungua mkanda, nikaichomoa pete ya funguo, nikaiweka juu ya meza mbele ya mjukuu wangu.

"Bia yangu ina kasoro, Babu," akasema.

"Kasoro yake iko wazi. Andika."

Akaandika. Rangi, povu, ndizi, mkate, plamu. Mstari wa mwisho aliuandika kwa herufi kubwa: Mwaka huu haina karafuu.

Kengele za adhuhuri zikalia. Afra akaanza kukusanya soseji ambazo hazikuliwa, na hakuna aliyemzuia.

Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikapiga simu Nuremberg. Mazishini tulikuwa tumepeana mikono, mimi na Quirin, kama watu waliokutana kwenye foleni. Kabla ya hapo sikumbuki tulionana lini.

"Nani?" akauliza.

"Baba yako."

Nyuma yake nilisikia birika likichemka.

"Vroni ana nini?"

"Hana kitu. Nimempa funguo."

"Aha."

"Quirin, ile bia yako haikuwa na moshi. Moshi ulikuwa kwangu."

Birika likazimwa.

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Mama aliniambia. Wiki ileile."

"Basi kwa nini hukuja kunikabili?"

"Nije nimwambie nani?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Ulikuwa umeshasema."

Nilitazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa bado Septemba. Kuifunua ilikuwa kazi ya Zenta.

"Sina ladha mdomoni," nikamwambia. "Tangu mama yako. Leo nimesema uongo mbele ya watu, na mwanao akanirudi."

Nilisikia kiti kikivutwa.

"Mimi ninalala redio ikiwa imewashwa," akasema. "Tangu Mama."

Tukakaa hivyo, kila mmoja na simu yake sikioni, tukisikilizana tunavyopumua. Sikuhisi furaha, na nisingekubali mtu aniandikie kwamba nilihisi. Lakini hakuna aliyekata.

Ninaandika haya mwezi wa Februari. Kahawa bado ni maji ya moto. Bia imeuzwa yote. Vroni anasema watu waliinunua kwa sababu ya ule mstari wa mwisho. Quirin amekuja mara moja, akaonja glasi moja akiwa amesimama, akasema ndizi imezidi. Vroni akabishana naye nusu saa nzima, nami sikuingilia.

Nawe msomaji, kama ni mtu ambaye wenzako wanangoja useme kwanza, nyumbani au kazini, siku moja nyamaza, uwaache wao waanze, na uwe tayari kusikia usilolipenda. Mimi sikufanya hivyo kwa miaka arobaini na mitatu.

Na miaka hiyo yote ulimi wangu ulikuwa mzima.