Vidole Viwili juu ya Boriti

Nilitoka Tunduma siku ya Jumatatu na lori, nyuma nikivuta nyumba nzima: trela la kusafiria, refu, lenye vitanda, jiko na madirisha ya mapazia. Bi mmoja wa Bwejuu, kule visiwani, alilinunua kwa wageni waliochoka safari, akitaka kuligeuza mkahawa. Mimi nilikuwa wa kulifikisha tu. Kazi za namna hiyo nilizipenda, maana hazikuniambia nikae. Nilishuka mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza, nikalala Chalinze, nikashinda bandarini Dar es Salaam kungoja meli ya mizigo. Siku ya tano, meli ikiwa imenishusha kisiwani, nikapita sokoni Darajani, watu wameacha kupima samaki wanatazama nyumba ikikata kona. Nilipoingia uwanjani kwa yule Bi, springi ya kulia ikakatika na trela likalalia tairi.

Fundi alikuja kesho yake kutoka Jang'ombe, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua. Kigari chake kilijaa boriti za mikandaa, ile mikoko migumu, zilizokatwa fupi fupi.

"Shikamoo, mzee. Jeki iko wapi?"

"Marahaba. Ipo chini ya hizo. Jeki ni mtoto, wazee ndio hawa."

Boriti zile, aliniambia, zilitoka katika nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka kwa mvua. "Zishabeba ghorofa mbili, na harusi zake na misiba yake. Trela lako hili ni mkoba."

Hakuanza kunyanyua. Alichukua mtaimbo akagonga ardhi, hatua kwa hatua, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mlango. Ardhi ya Bwejuu ni jiwe tupu, na mimi nilicheka.

"Unabisha hodi, mzee?"

"Nyie wa bara, jiwe kwenu ni jiwe tu."

Mlio ulipomridhisha alichora duara kwa mkaa. Alichora matatu: mawili ya boriti, moja la jeki. Akaniambia nisilifungue lori kwenye trela, akaweka kabari kwenye tairi za upande wa pili. Kisha akanyanyua chesi, fremu ya chuma ya trela, kidogo, akapanga boriti mbili, na juu yake mbili za kukatiza. Akanyanyua tena, akapanga tena. Hakuna wakati ambapo jeki ilibeba peke yake zaidi ya unene wa boriti moja. Nyumba ile ikapanda kimya, mapazia hayakutikisika. Nimeona kreni za bandari, lakini sijawahi kuona uzito ukitii vile.

Kufika adhuhuri springi mpya ilikuwa mahali pake, imebaki pini moja iliyokataa kuingia.

"Nakwenda kusali," fundi alisema. "Usiguse kitu."

Lakini meli ya jioni ya kurudi bara ilikuwa kichwani mwangu. Yule Bi, aliyekuwa akikuna nazi kibarazani, aliniona nazunguka.

"Huyu tangu kufika anaaga," alisema. "Umeacha chungu motoni huko kwenu?"

Niliona pini inataka nafasi ya vidole viwili tu. Jeki ilikuwa imefika mwisho wa urefu wake, kwa hiyo niliichomoa nikaihamishia kwenye jiwe lililoinuka pembeni, jeupe, gumu kuliko yote, lisilo na duara. Nikanyanyua. Chesi ikaachana na boriti kwa vidole viwili. Nikajiingiza chini, chali, pini mkononi.

Nilisikia jiwe likivunjika kama kaukau za muhogo. Jeki ikazama, ikapotea. Trela likashuka vidole viwili, boriti zikalia kwa pamoja, na likasimama. Chuma kilikuwa kiganja kimoja juu ya kifua changu. Nilizihesabu zile boriti kwa macho, moja moja, sikuweza kufanya jambo jingine.

Fundi alinikuta nimekaa nje, nimejaa vumbi. Alitazama shimo, akanitazama mimi.

"Mkono upo?"

"Upo."

"Haya. Njoo uone ulipotaka kusimamisha nyumba ya watu."

Tukalala kifudifudi. Chini ya ngozi ya jiwe isiyozidi unene wa shubiri moja kulikuwa na pango, na ndani yake maji, safi hata jeki ilionekana imelala chini. Maji yalikuwa yanapanda taratibu. Bahari ilikuwa inajaa, na huku ndani, chini ya uwanja, nayo yalikuwa yanajaa. Yule Bi alikuja akachungulia, akasema "Subhanallah," polepole, kisha akaenda kutafuta jiwe la kufunikia, mbuzi wasije wakatumbukia.

Meli ya jioni iliondoka bila mimi. Pini iliingia kesho yake asubuhi, kwa jeki ya kuazima, ndani ya duara. Nilizipakia boriti kigarini mwenyewe, kila moja kwa mikono miwili. Fundi alicheka: "Taratibu, si mayai hayo."

Nikalifungua lori, nikaaga. Yule Bi alifunua shimo, akateka kata moja, akanipa. Yale maji yalikuwa na chumvi kidogo. Niliyanywa yote, nikapanda lori. Bwejuu sijarudi tena.