Miguu ya Alhamisi Kuu

Mwaka huu jumuiya ilimteua mama yangu aoshwe miguu Alhamisi Kuu. Parokia yetu kule Kalama ina desturi hiyo: kila jumuiya hutoa mtu mmoja, wanafika kumi na wawili, na padre anawapigia magoti kama Bwana alivyofanya kwa wanafunzi wake kabla ya kuteswa. Mama alikubali mbele ya wenzake, kisha akanipigia simu Mavoko, ninakofanya kazi, akasema haendi.

Nilifika nyumbani Alhamisi asubuhi nikiwa nimefura. Sina subira, na mama anajua. Nilimkuta jikoni akichagua maharagwe.

"Mwaitu, mama yangu, kwa nini unawaangusha wenzako?"

"Si wao. Ni hii miguu," akasema, akaivuta chini ya kigoda. "Ni ya shamba. Padre ni kijana msafi. Nitamwekea hii kitu mkononi kweli?"

Miguu ya mama ina magaga. Nyufa za visigino zinaweza kumeza punje ya mahindi. Shamba letu liko kwenye mteremko, na tangu nimfahamu anachimba matuta yale yale ili mvua isibebe udongo. Matuta hayo ndiyo yaliyonisomesha.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Tena hakuna anayempelekea padre matope. Wote huoga kwao kwanza."

Ni kweli, na kila mwaka hunichekesha. Wateule wale hujisugua tangu asubuhi, wengine wanajipaka mafuta mpaka vidole vinang'aa, ndipo waende kuoshwa miguu iliyokwisha takata.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi kwenye beseni, nikatafuta jiwe la kusugulia. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikaanza kazi, na mwanzoni niliifanya kwa haraka, kama mtu anayeosha sufuria. Nilipofika kisigino cha kulia, mkono ukasimama. Ufa ule mrefu niliujua.

Nilikuwa kidato cha kwanza, siku ya wazazi kututembelea. Mama alikuja na akala zake za tairi, vumbi jekundu mpaka vifundoni, ufa ule wazi kisiginoni, kikapu kichwani. Mama za wenzangu walikuwa na viatu vya kufunika. Msichana niliyekaa naye akaniuliza yule ni nani.

"Ni mama anayetufanyia kazi nyumbani," nikajibu.

Sikujua kwamba alikuwa amefika nyuma yangu. Siku zote aliniita mwanangu. Siku ile alisema, "Hujambo, msichana," akanikabidhi kikapu kwa mikono miwili, akamsalimu mwenzangu kwa heshima, akaondoka. Alinilindia uongo wangu.

Dhambi hiyo nimeiungama kwa mapadre watatu. Wote waliniondolea. Mama mwenyewe sikuwahi kumwambia neno, na miaka ilizidi kupita mpaka nikajidanganya kwamba amesahau. Lakini mtu aliyetoka kuhubiri kuhusu mficha uchi atanyamaza vipi?

"Mwaitu," nikasema bila kuinua macho, "siku ile ya shule, nilikukana. Nisamehe."

Akainama, akachovya kidole cha mkono kwenye beseni.

"Hiyo maji imepoa," akasema. "Ongeza ya moto."

Jioni alienda. Desturi ya padre wetu ni kuosha mguu wa kulia tu. Alipomaliza kuupangusa, mama akamsogezea na wa kushoto. Kanisa likacheka chini chini, padre naye akatabasamu, akauosha. Nilicheka na wengine, lakini moyo wangu ulikuwa bado unangoja jibu.

Ijumaa Kuu tulifunga, tukapanda kilima kwa Njia ya Msalaba. Mama alitembea mbele yangu na ndala, visigino wazi, na kila kituo tulipopiga magoti niliviona. Jumamosi tulifagia uwanja, tukachinja jogoo. Hakusema kitu. Nami niliogopa kuuliza tena.

Tangu utotoni nimekariri kwamba Pasaka ni kushindwa kwa mauti, na naamini hivyo. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba Bwana aliyefufuka aliwarudia watu wale wale waliomkimbia, mmoja wao akiwa amesema hamjui. Sijui walikaa vipi hizo siku tatu.

Jumapili tulitoka misa tukaingia jikoni. Mimi nilisukuma chapati, yeye alizigeuza kwenye jiko. Mgongo wake ulikuwa kwangu.

"Siku hiyo ya shule," akasema, "nilikuwa nimekubebea chapati. Kwa kikapu. Nilizipika saa kumi ya asubuhi."

"Nakumbuka, mwaitu."

"Ulizikula ama ulizitupa?"

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba miaka yote.

"Nilizikula zote," nikasema. "Nyuma ya bweni, peke yangu. Nilikula nikilia."

Akageuza chapati, akaibonyeza kando kando mpaka ikaumuka.

"Basi ni sawa," akasema. "Nilikuwa nafikiria ulilala njaa."

Kisha akachukua ile ya kwanza, ikiwa bado moto, akaikunja mara mbili akaniwekea mkononi. "Kula, mwanangu. Wageni watapata zingine."