Kicheko Kwenye Grupe ya Wafugaji

Wajukuu, munanichokesha na hii "Koko, andika." Haya naandika, mwenye kuwashwa ajikune.

Huku kwetu Kingi, pale tunapochajia simu, muuza fromaji mumoja, ile jibini ya maziwa yetu, alikuwa anahesabu mu simu vidole gumba vya sifa alivyowekewa jirani yake. Huyo jirani alitufundisha kwa sauti ya kurekodi, mu grupe yetu ya simu ya wenye ng'ombe, namna ya kutunza kiwele kilichovimba, na watu wakamuwekea vidole gumba vingi. Hata mimi vilinichoma moyo, sikatai.

"Tangu lini huyu amekuwa daktari?" muuza fromaji akasema, akibinua mdomo. Akakusanya simu za watoto wake, akatumia kila moja kuweka kisura cha kucheka chini ya ile sauti. Basi! Kwetu, muntu akiona wenzake wanacheka, naye anacheka kabla ya kusikiliza. Jirani akaacha kufundisha.

Haikupita muda, ng'ombe wa yule mwenye wivu akavimba kiwele. Akaomba msaada mu grupe. Alipata vidole gumba vingi kuliko muntu yeyote, lakini hakuna jibu hata moja. Nani angejibu? Wote tulikuwa tumecheka.

Mwishowe akashuka kwa jirani, kitenge kimefungwa ovyo.

"Dada, nisaidie."

"Ile sauti yangu haukuisikia, Mama?"

"Nilicheka tu."

Jirani akachukua ndoo ya maji ya moto, wakapanda pamoja mpaka kwa yule ng'ombe.

Ng'ombe alipona, ila walikuwa wamechelewa: chuchu moja ilikauka. Sasa muuza fromaji anakamua tatu, na ya ine anaiangalia tu.