Fundi Eliona na baridi ya chumba cha Mama Rogath

Saa mbili asubuhi, Eliona amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba kipya huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Mkononi ana kidude cheupe kisichozidi kiberiti. Anavuta utepe mwembamba wa plastiki ili betri ianze kazi, anakandamiza kitufe na kuhesabu kimoyomoyo hadi tano. Taa ndogo ya bluu inaanza kupepesa.

"Hapo kinatafuta wenzake," anasema, macho yakiwa kwenye simu. "Ukikiharakisha kinagoma."

Kidude hicho ni kipimajoto kisichotumia waya. Kikishaungana na kisanduku kilichochomekwa sebuleni, kinatuma hali ya joto ya chumba kwenye simu ya mwenye nyumba, hata akiwa ng'ambo. Eliona hakiweki penye jua wala karibu na jiko. Anapapasa ukuta wa ndani, anakibandika usawa wa kifua, kisha anarudi nyuma hatua mbili kukitazama.

Eliona ana miaka thelathini na mitatu na anaishi Shirimatunda, katika chumba kimoja cha kupanga. Alianza kwa kufunga nyaya za taa. Baadaye zikaja kamera, na sasa ni nyumba zinazoendeshwa kwa simu. Mwezi mzuri hupata nyumba sita, na kila moja humbakizia kama shilingi elfu hamsini. Mwezi mbaya hukaa akisubiri simu ilie.

Ukimuuliza kazi ambayo haimtoki kichwani, hasiti. Anataja nyumba ya Mama Rogath.

Bibi huyo, Margareta kwa jina la ubatizo, ana miaka sabini na minane. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitano ambayo mwanawe, Rogath, alimjengea katikati ya kihamba, shamba la ukoo, pembeni ya migomba na mibuni ya marehemu mumewe. Rogath yuko Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana mama yake aliugua kichomi, akalazwa wiki mbili. Ndipo mwana akamtafuta Eliona.

"Aliniambia, 'Dada fundi, nataka nijue mama yangu analala kwenye joto gani,'" anasimulia Eliona. "Tukaweka kwamba joto likishuka chini ya nyuzi kumi na tatu, simu yake impigie kelele."

Siku ya kufunga, bibi alifuata kila hatua kwa macho.

"Shikamoo bibi. Hiki hakina madhara, usiogope."

"Marahaba mwanangu. Mimi siogopi. Kwa hiyo Rogath ataniona?"

"Hapana bibi, hakuoni. Kinamwambia baridi tu."

"Baridi tu," bibi alirudia, akaenda kumwekea fundi mtori wa ndizi.

Wiki tatu zilipita salama. Julai ilipoingia, Rogath alipiga simu. Kipimajoto kilikuwa kimesoma nyuzi tisa asubuhi. Eliona alipanda bodaboda hadi kule, akakuta nyuzi kumi na saba. Alibadilisha betri, akashuka. Siku nne baadaye ikawa vilevile. Safari hii alibadilisha kipimajoto chenyewe, kwa gharama yake.

Mara ya tatu Rogath alikuwa amechoka. Alimwambia kwamba wenzake wanne huko ughaibuni walitaka wafungiwe vifaa hivyo nyumbani kwao Kilimanjaro, lakini sasa angewaambia watafute fundi mwingine.

"Niliumia," anasema Eliona. "Kazi yangu naijua. Nikasema nitakwenda saa ileile kinaposoma baridi, bila kumwambia mtu."

Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Hakuhitaji hata kubisha hodi. Kipimajoto kilikuwa nje ya dirisha la chumba, kimewekwa kwa uangalifu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ndani, bibi alikuwa ameketi kitandani, amekwisha kuvaa na kufunga kilemba, simu mkononi.

Kabla Eliona hajasema neno, simu ililia, sauti ya Rogath ikasikika hadi nje.

"Mama, umejifunika?"

"Nimejifunika, baba."

"Dirisha umefunga?"

"Nimefunga. Wewe umekula? Huko nako kuna baridi?"

Walizungumza hivyo kwa dakika nyingi. Walizungumzia ng'ombe aliyezaa, na padri mpya anayehubiri kwa haraka. Eliona alisimama pale dirishani asijue pa kutazama. Bibi alipokata simu, alimwona.

"Yesu na Maria! Umefika saa ngapi?"

Hakukana. Alieleza kwamba siku moja alisahau dirisha wazi usiku kucha, na asubuhi kabla hajavaa viatu Rogath akapiga. Hakuwa amemsikia tangu Pasaka. "Fedha analeta kila mwezi, sikudanganyi," alimwambia Eliona. "Lakini akijua mimi ni mzima, atanipigia ya nini? Usimwambie, mwanangu."

Eliona alishuka mlimani na siri hiyo. Alinyamaza siku tisa. Wale wateja wanne wakachukua fundi wa Arusha. Siku ya kumi Rogath alipopiga tena kufoka, uvumilivu ukamwisha.

"Nikamwambia, 'Kaka, kifaa ni kizima na mama ni mzima. Anakitoa nje ili umpigie.' Akasema, 'Asante, dada.' Basi."

Wale wanne hawakurudi. Lakini Rogath sasa humpigia mama yake kila Jumapili baada ya misa, na siku nyingine katikati ya wiki bila sababu. Likizo ya Krismasi ameomba, hajajibiwa. Bibi amekwisha kumtengea chumba na kutandika shuka mpya, na anapofagia hufungua mlango huo na kusimama kidogo.

Na Eliona? Anakiri kwamba siku aliyosema ukweli ule hakulala vizuri. Binti yake, Gladys, mwenye miaka tisa, analelewa na bibi yake, mama wa Eliona, huko Kwa Sadala tangu akiwa na miaka mitatu, kwa sababu fundi anayeitwa wakati wowote hawezi kumwacha mtoto peke yake. Eliona humtumia kila kitu. Kupiga, hupiga kukiwa na homa au ada.

Kesho yake alimpigia mchana, bila shida yoyote. Mtoto alipokea akihema.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Gladys. Nimekupigia tu."

"Nani anaumwa?"

Eliona anapofika hapo anageuka na kuanza kupanga bisibisi zake kwenye mkoba. Amekwisha kuona vyumba viwili vya kupanga karibu na shule hapo hapo Shirimatunda, na mama yake amekubali kuhama naye, mradi apate pa kufugia kuku. Anataka wahamie Januari, Gladys akianza darasa la nne.

"Nataka awe ananiita kutoka chumba cha pili," anasema. "Aite mpaka nichoke."